Vitambaa vya Recho

Kitanga,
Jumapili, 11 Februari 2024

Mwanangu Elieth,

Mwakeye? Hujambo wewe na mume wako, mwalimu Godson? Sisi wazima, tunasukuma siku. Mvua haikatiki, maharage ya bondeni yamechanua, ya mlimani yanaoza. Ng'ombe wangu amezaa ndama jike, ana doa jeupe usoni, na mama yake anatoa maziwa hadi nagawia majirani. Ukija nitakunywesha mpaka uombe huruma.

Recho, mtoto wa marehemu kaka yako, amerefuka, sasa ananiangalia kutoka juu. Yuko darasa la saba, Septemba ndiyo mtihani. Mama yake tangu aolewe huko Uvinza hajatuma hata salamu, lakini Recho hamlaumu, na mimi nimeacha.

Kuna jambo moja dogo. Mwalimu mkuu aliniita shuleni. Anasema Recho anakosa masomo siku nne tano kila mwezi. Nikamwambia ni malaria. Akaniuliza, "Mama Winifrida, malaria gani hii inayofuata kalenda?" Nikamjibu kwamba malaria ya Kitanga ndivyo ilivyo, yeye ni mgeni wa Singida hawezi kuijua. Alinitazama vibaya.

Wewe sina haja ya kukueleza. Uliwahi kuumwa hiyo hiyo, na nilikuuguza mimi. Kama huko Kibondo kuna kitu cha kumsaidia, mpe Felisiani anapopita na gari lake la maharage.

Nakuombea usiku na mchana.
Shangazi yako, Winifrida


Kibondo,
3 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole chenye mafuta, nami ninamjua mwenye kidole. Felisiani anasoma barua za watu, Shangazi. Juzi aliniuliza ndama anaendeleaje kabla sijafungua bahasha. Ndiyo maana leo nitaandika kwa kifupi, wewe utanielewa.

Godson anakusalimu. Bado cherehani langu liko kwenye kibaraza pale sokoni, wateja hawakosekani. Na habari nyingine ni kwamba tumbo langu limeanza kuonekana. Mungu akipenda, Agosti utapata mjukuu. Usimwambie mtu hadi nifike miezi mitano, najua ulimi wako.

Malaria nimeielewa. Namtumia Recho kifurushi: vitambaa kumi nilivyoshona mwenyewe. Kuna akina mama walikuja kutufundisha sisi mafundi, tukajifunza wiki nzima. Ndani ni flaneli safu tatu, katikati nimeweka kitambaa cha mwavuli, pembeni kuna vifungo. Vinafuliwa na kutumika tena hata miaka miwili. Mpe mkononi. Vitamsaidia katika mambo yake, aache kuteseka.

Ningepiga simu, lakini simu yako inashinda kwa Abdalah ikichajiwa, na hata ukiwa nayo unaongea kwa spika duka zima linachangia.

Nakukumbuka kila ninapokula ugali wa watu wengine.
Elieth


Kitanga,
7 Aprili 2024

Mama kijacho wangu,

Kristo amefufuka! Nimefurahi hadi nimecheza peke yangu jikoni. Sijamwambia mtu. Nimemwambia rafiki yangu Immakulata tu, na yeye si mtu, ni kama mimi.

Mwanangu, vitambaa! Wewe ni fundi, sikuamini. Recho alikuwa kambini, darasa la saba walilala shuleni wiki mbili wakijisomea, kwa hiyo nilifungua mimi. Nikasema huyu Elieth ana akili kweli, amekumbuka jinsi mtoto anavyoungua vidole kila akiepua chungu. Nikaona nisivifungie sandukuni wakati Pasaka imefika. Unajua mwaka huu jumuiya yetu ndiyo iliyopika parokiani. Nikavipeleka vyote kumi.

Hakuna aliyeungua! Sufuria la pilau la kilo ishirini tuliliepua wanawake wanne, kila mmoja na kitambaa chake, vifungo tumefunga kwenye mikono ya sufuria hakitoki wala hakitelezi. Padri alipoingia kuonja, akashika mfuniko kwa kimoja chenye maua ya bluu, akauliza fundi ni nani. Nikasema kwa kujivuna kwamba ni binti yangu wa Kibondo. Immakulata anaomba umshonee vingine kumi, na walimu wa kwaya wanauliza bei.

Recho aliporudi nikamwonyesha kimoja. Alikishika, akaniangalia, akatoka nje. Watoto wa siku hizi hawajui kushukuru.

Malaria yake ilirudi Alhamisi. Amelala.

Wako anayejivuna,
Shangazi


Kibondo,
14 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tuko salama, tumbo linakua, Godson amepata mafua.

Nimesoma barua yako sokoni nikacheka hadi wateja wakadhani nimechanganyikiwa. Nikaenda nyumbani kumsomea Godson, akacheka akakaa chini. Halafu usiku huo huo nikalia, na Godson alijua ninalilia nini.

Bahasha hii nimeibandika gundi, na juu ya gundi nimeweka gamu tepu. Felisiani akitaka kusoma atahitaji shoka. Kwa hiyo sasa naandika wazi, na kosa ni langu kwa kutoandika wazi mara ya kwanza. Nina miaka thelathini na nne, mke wa mtu, fundi mwenye kibaraza, nikashindwa kuandika neno moja kwa shangazi yangu mwenyewe.

Hedhi. Nimeliandika. Vile vitambaa ni vya hedhi ya Recho. Ni pedi za kufua. Vinakaa ndani ya chupi, vifungo vinafungwa chini visihame. Mtoto anabadilisha kila baada ya saa nne au tano, anafua kwa maji baridi na sabuni, na, Shangazi, anaanika juani. Juani, nje, kwenye kamba. Siyo chini ya godoro kama ulivyonifundisha mimi. Kitambaa kikikaukia chini ya godoro hakikauki, kinanuka, kinawasha, mtu anakaa darasani anajikuna kwa siri. Najua ninachokisema.

Padri msamehe, yeye hakujua. Lakini vilivyopelekwa jikoni visirudi kwa mtoto. Nimeshona vingine kumi, vimo humu. Hivi ni vya Recho peke yake, na sasa kazi yake unaijua.

Usikasirike.
Elieth wako


Kitanga,
23 Juni 2024

Elieth,

Hatujambo. Maharage tumevuna magunia matatu. Mhogo upo.

Barua yako niliisoma mara moja nikaichoma jikoni. Miezi miwili nimeshindwa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Umeandika kwenye karatasi jambo ambalo mama yangu hakuwahi kulitamka hata tukiwa wawili gizani. Kanisani siwezi kumwangalia Padri, naangalia viatu vyake.

Kamba yangu iko kando ya njia. Wapita njia wote wa Kitanga wataona. Na wapo watu wabaya, unawajua, wakipata kitambaa cha binti wamepata uzazi wake. Aliyekuficha wewe hadi ukaolewa na leo una tumbo ni nani? Si mimi?

Kulea binti nimelea. Sikuomba kufundishwa.

Kifurushi kiko sandukuni.

Winifrida


Kibondo,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hukuandika "mwanangu", nimeona. Mimi bado ni mwanao, hata ukinichoma jikoni pamoja na barua.

Tunaendelea vizuri. Daktari anasema mtoto amekaa vibaya, huenda nikapasuliwa, na amenikataza safari. Kwa hiyo siwezi kuja kukupigia magoti mlangoni, itabidi karatasi hii ipige magoti.

Naomba nikukumbushe Septemba ya mwaka 2003. Uliwaambia walimu nina malaria. Siku ya kwanza ya mtihani nilifanya, siku ya pili asubuhi ikaja. Ulinifungia ndani ukanipa kipande cha kitenge cha zamani, ukakaa mlangoni ukichambua mchele ili nisitoke. Nilisikia kengele ya shule. Ilikuwa hisabati, Shangazi, somo nililoliweza kuliko wavulana wote. Sikukulaumu wakati ule, maana niliona kwamba unaogopa. Hadi leo sijui ulikuwa unaogopa nini. Nilikuuliza mara moja, ukasema, "Usiniulize ya Heru Juu," kijiji nisichokijua, basi.

Sina shida na cherehani langu, linanilisha. Lakini wanafunzi wa Godson wakikosea hesabu huwa nataka kuwanyang'anya chaki.

Nina jambo la mwisho. Umesema kulea binti ni kazi yako. Kweli, ulinilea mimi, kwa sababu wewe ni dada wa baba yangu, na kwetu binti anafundwa na shangazi. Sasa dada wa baba yake Recho ni nani? Ni mimi. Kwa mila hiyo hiyo uliyonifundisha, zamu hii ni yangu. Ningemchukua aje huku, lakini amesajiliwa kufanyia mtihani hapo, hawezi kuhama. Kwa hiyo kazi ni yangu na mikono ni yako. Mtihani ni tarehe 11 na 12 Septemba. Naomba akae kwenye dawati siku zote mbili. Hicho tu.

Nakupenda, hata ukikasirika.
Elieth


Kitanga,
18 Agosti 2024

Mwanangu Elieth,

Nimeandika "mwanangu", umeona? Haya, tuyaache.

Umejifungua au bado? Felisiani hajui kitu, na kama yeye hajui basi hakuna anayejua. Nimechoma majani yote shambani, vumbi limetujaa puani, na ndama sasa anakula nyasi mwenyewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Hiyo sikuichoma. Ulivyonitega kwa mila zangu mwenyewe nilikasirika siku tatu, ya nne nikacheka. Una kichwa cha baba yako.

Nilikwenda kwa Immakulata kudai vile kumi vya jikoni, nisivione tena kwenye sufuria. Hakutaka kutoa. "Yewe Winifrida, vitambaa vya kanisa unavitaka vya nini?" Nikazunguka, nikazunguka, mwishowe nikamnong'oneza ni vya nini. Halafu alianguka kwenye mkeka akicheka machozi yakimtoka, akasema, "Na Padri alishika mfuniko!" Tulicheka wazee wazima hadi msichana wa nyumbani kwake akaja kuona kama tumepata kichaa. Immakulata alipotulia akaniambia binti yake wa mwisho aliacha shule darasa la sita kwa jambo hilo hilo, naye aliwaambia watu mtoto hana akili. Hakuwahi kuniambia, na tumekuwa marafiki miaka thelathini. Sasa yeye na wanawake wengine wanne wamekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba choo cha wasichana kiwekwe mlango na ndoo ya maji. Mlango umeshawekwa. Kumbe yule mwalimu wa Singida alikuwa anasubiri mtu mmoja tu aseme.

Kifurushi nimempa Recho. Alianza Jumatano, tarehe 14. Amefua, ameanika nje juani. Mimi nikafunika kwa kanga juu yake ili watu wasione. Usiniseme, nimejitahidi.

Hakwenda shule Jumatano na Alhamisi. Ijumaa alikwenda.

Shangazi


Kibondo,
1 Septemba 2024

Shangazi yangu, Bibi mpya,

Ni msichana! Amezaliwa tarehe 20 Agosti, kilo tatu na kidogo, walinipasua lakini nimepona, natembea nimeinama. Tumemwita Winifrida. Godson alitaka jina la kwao, akashindwa.

Jua halipiti kwenye kanga, Shangazi. Nacheka nikiandika, na mshono unauma, kwa hiyo nihurumie uitoe.

Nimehesabu. Ukichukua tarehe 14 Agosti ukaongeza siku ishirini na nane, unafika tarehe 11 Septemba. Jumatano ya mtihani. Nimerudia mara tatu nikitumaini nimekosea, lakini nimekwambia, hesabu naziweza.

Umemruhusu Ijumaa, na ninajua Ijumaa ile ilikugharimu nini. Ila safari hii hakuna Ijumaa. Ni Jumatano na Alhamisi tu, basi. Siwezi kuja, na sina la kukuahidi wala la kukutishia. Nakuomba tu usikae mlangoni.

Mtoto anakusalimu kwa kupiga kelele.
Elieth


Kitanga,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mwanangu, mama wa Winifrida,

Jina hilo limenikalisha chini. Nimewaambia watu wote, hata wasiouliza. Mpake mafuta ya mawese tumboni akilia, na wewe usibebe ndoo.

Sasa nisikilize, nitakusimulia yote mpaka mwisho.

Jumatano alfajiri nilisikia mtoto analia taratibu. Nikaingia. Recho amekaa kitandani amejikunja, akasema, "Bibi, imekuja." Hesabu zako zilikuwa sawa. Nilisimama pale, na miguu yangu, Elieth, miguu yangu yenyewe iligeuka kwenda mlangoni kukaa. Nakwambia ukweli. Nikakumbuka ulichoandika, nikapita mlango nikaenda jikoni.

Alivaa kitambaa chako, kingine akafunga kwenye mfuko na sabuni. Lakini tumbo lilikuwa linamkata, na mwalimu alisema mtoto asije na njaa. Nyumbani kulikuwa na kiazi kimoja na maziwa ya jana jioni. Nikamwagia kikombe, nikampa. Akarudi nyuma. "Bibi, mimi siwezi kunywa. Ng'ombe atakufa."

Unajua ni nani aliyemfundisha hivyo. Ni mimi, kama nilivyokufundisha wewe: msichana akiwa kwenye siku zake asiguse maziwa, ng'ombe atakojoa damu.

Nikamwambia, "Kunywa. Ng'ombe ni wangu."

Akanywa huku ananiangalia. Nikampeleka mwenyewe hadi kwenye geti la shule, nikakaa ng'ambo ya barabara kwa Abdalah hadi wakatoka. Alhamisi hivyo hivyo, maziwa, kiazi, shule. Amefanya karatasi zote. Hisabati anasema ilikuwa nyepesi, lakini nawe ulisema hivyo kila siku.

Jumatano jioni nilikwenda kumkamua ng'ombe kwa hofu. Alitoa kama kawaida. Alhamisi asubuhi kama kawaida. Ijumaa, Jumamosi, leo. Anakula, anacheua, amenipiga teke. Leo baada ya misa nilikaa kwenye kinyesi chake pale zizini nikalia kama mtoto, Recho akaja kunishika bega akidhani nimepata habari ya msiba.

Uliniuliza ya Heru Juu. Niliolewa huko mwaka 1982 na Pasikali, alikuwa mtu mzuri, alikuwa ananichekesha. Mwaka wa pili mama mkwe aliumwa, hakukuwa na mtu wa kukamua, nikakamua nikiwa kwenye siku zangu, na maziwa nikanywa kwa sababu nilikuwa na njaa. Baada ya siku tatu ng'ombe akakojoa damu akafa. Shemeji alikuwa ameona vitambaa vyangu. Nilirudishwa kwa baba kwa miguu, nguo zangu kwenye kikapu, watu wakisimama mashambani kuniangalia. Pasikali hakunitetea. Mimi nilianza kufuga siku zangu zilipokoma kabisa, kabla ya hapo sikuthubutu hata kushika kamba ya ng'ombe wa mtu. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa nilipokufungia ndani, kwamba utaonekana, kisha utarudishwa kama mimi. Nilikuibia hisabati yako. Nisamehe, mwanangu. Sikuwa na mtu wa kuniambia.

Na kuna jambo ambalo nimelijua miaka yote arobaini bila kuthubutu kulifikiri hadi mwisho. Mwezi ule kwa jirani yetu walikufa ng'ombe wawili. Kwa mwenyekiti alikufa dume, na kwake hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Kupe walikuwa wengi mwaka ule. Wote walisema ni ugonjwa, isipokuwa kwa ng'ombe wa Pasikali tu.

Alhamisi naenda Heru Juu. Immakulata atanisindikiza, na Recho amekataa kubaki. Pasikali yupo hai, ameoa, ana wajukuu wa kike watatu wanaosoma. Sitaki kitu kwake, hata chai. Nataka tu awaite watoto wale wakae, nami nisimame kwenye uwanja ule niliotolewa, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba ng'ombe wa babu yao alikuwa mgonjwa.

Shangazi yako,
Winifrida